Mashine iko Tabora, mi niko Kigoma, na kitufe cha stati hakinihusu

Watu wakisikia mashine iko Tabora na mi nakaa Kigoma wanadhani nimekunja nne hapa mtaa wa Mwanga, laptopu mapajani, nabonyeza kitufe na kule mlango wa mninga unajichonga wenyewe. Kuna jamaa hapa mtaani kila tukikutana ananiuliza "leo umechonga mingapi?" namjibu sijachonga hata mmoja, anacheka, anadhani namficha biashara. Lakini ndo ukweli wenyewe. Anayechonga ni mjomba. Mi nachora, nakagua, natuma faili, naangalia mashine inaendeleaje, na ikileta ujeuri natafuta sababu nikiwa hukuhuku. Ile stati ya mwisho, yaani amri ya kuanza, inayofanya biti (kile kisu kinachozunguka) iingie kwenye mbao, sina na sitaki kupewa. Nimeona niandike kwa nini, maana vijana wengi wanaonunua hizi mashine siku hizi swali lao la kwanza ni "naweza kuiendesha nikiwa mbali?" na muuzaji anawajibu ndio, bila kuwaambia ndio ipi.

Karakana iko Tabora mjini. Mjomba ni seremala wa siku nyingi, wa patasi na randa, hii mashine ameingia nayo ukubwani kwa sababu wateja walianza kuja na picha kwenye simu, "nataka mlango kama huu", na maua yale kwa mkono ni kazi ya siku kadhaa. Ni rauta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, yenye meza ya kulaza mlango mzima, stepa mota (zinazozunguka hatua kwa hatua) kwenye kila mhimili, yaani kila upande inakosogea, spindo, ile mota ya kuzungusha biti, ya kilowati 2.2 inayopozwa kwa maji na inayofika mizunguko 24,000 kwa dakika, na kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo tuliichagua kwa sababu moja tu, ina ile paraleli poti ya zamani ya printa. Juu yake kuna LinuxCNC.

Kwa asiyeijua, LinuxCNC ni programu huria inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa kichwa cha mashine. Inasoma G-kodi, yaani yale maelekezo ya nenda hapa, shuka hivi, kata kwa kasi hii, na inayageuza kuwa mapigo ya umeme ya kuzungusha mota. Haikuanzia gereji ya mtu. Ilianzia NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na vipimo na viwango, miaka ya 1990, ikiitwa EMC, na kwa vile kazi za watumishi wa serikali yao hazina hakimiliki kwao, programu ikawa mali ya umma, watu wa kujitolea wakaichukua, wakaipanua ikawa EMC2, halafu 2011 ikabadilishwa jina kuwa LinuxCNC kwa sababu kulikuwa na kampuni ya kompyuta inayomiliki jina EMC. Shika hilo jina la zamani, litarudi mbele kidogo na litarudi vibaya. Leo ukifunga Debian 12 unaikuta humohumo kwenye ghala lake la programu, hulipi shilingi.

Sasa kabla ya kuongelea umbali lazima uelewe kwamba LinuxCNC sio programu moja, ni kadhaa zinazoongea. Kuna unayoiona kwenye skrini, kwetu ni AXIS. Kuna inayosoma faili na kupanga kazi. Kuna inayoshughulika na vitu vya pembeni kama pampu ya maji. Na kuna ya mwendo, hii inaishi kwenye riali-taimu, yaani juu ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, iliyorekebishwa ili kazi fulani ifanyike kwa wakati wake, sio ikipata nafasi. Kati ya hizo na waya zenyewe kuna HAL, ambayo ni kama ubao wa kuunganishia waya ila wa kwenye programu, unachukua pini hii unaifunga na ile, na hapo ndipo raha yote ya LinuxCNC ilipo kwa mtu mwenye udadisi.

Ile sehemu ya mwendo ina tredi mbili kwetu, yaani kazi mbili zinazojirudia kila baada ya muda wake. Tredi ya servo inaamka kila milisekunde 1. Tredi ya besi, inayotoa mapigo ya stepa kwenye paraleli poti, inaamka kila maikrosekunde 25. Pigo moja ni kupanda na kushuka, kwa hiyo kwa mpangilio wetu ni maikrosekunde 50, yaani mapigo 20,000 kwa sekunde na sio zaidi. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva, kile kifaa kinachoisukuma mota, inagawa kila hatua mara 8, skrubu inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, piga hesabu unapata mapigo 320 kwa kila milimita moja. Kwa hiyo mwisho wa kasi yetu ni kama milimita 62 kwa sekunde na huo ukuta hauvukiki kwa maombi. Kompyuta ikichelewa hata kidogo, mapigo yanakuja kwa kuyumba, mota inaruka hatua, na maua yanahama bila mtu kuambiwa. Ndo maana kabla ya kufunga mashine yoyote unaendesha latency-test, kipimo cha uchelewaji, kwa muda mrefu huku unaitesa kompyuta makusudi, unafungua madirisha, unanakili mafaili makubwa, unaona uchelewaji wake mbaya kabisa ni upi.

Sasa weka hiyo maikrosekunde 25 pembeni ya intaneti ya simu. Ujumbe kutoka Kigoma kwenda Tabora na kurudi unachukua makumi ya milisekunde hali ikiwa njema, na mamia hali ikiwa kama tunavyoijua. Biti inayokata kwa milimita 3,000 kwa dakika inatembea milimita 50 kila sekunde. Uchelewaji wa milisekunde 200 ni sentimita nzima ya mninga. Na kamera ndo kabisa, video ya simu inachelewa sekunde moja, mara nyingine mbili, kwa hiyo ninachokiona kwenye skrini yangu kama "biti inakaribia klampu" kule kimeshatokea, biti iko sentimita 5 hadi 10 mbele, klampu imeshaliwa na mjomba ameshasema maneno yake. Hakuna bando la kununua likaondoa hili. Hata mtandao ungekuwa mzuri mara kumi, ungekuwa mzuri leo, kesho mvua inanyesha.

Ndo maana mapigo hayapiti intaneti kwa mtu yeyote mwenye akili. Faili linasafiri, mwendo unazaliwa palepale karibu na mashine. Mpaka hapo nadhani hamna ubishi. Ubishi uko kwenye amri, yaani kama mapigo yanatengenezwa Tabora, kuna ubaya gani mi nikituma ile amri moja tu ya "anza"?

Turudi kwenye jina la zamani. LinuxCNC inakuja na kitu kinaitwa linuxcncrsh, ni mlango wa maandishi, unaingia kwa telneti, njia ya zamani ya kuandikia kompyuta nyingine amri, kwenye poti 5007 na unaongea na mashine kwa maneno. Unasalimia, hello EMC, jina lako, namba ya toleo. Halafu unaomba usukani, set enable EMCTOO. Halafu set estop off, set machine on, set mode mdi, na kuanzia hapo ukiandika set mdi g0 x100 kile chuma kinatembea. Hizo EMC na EMCTOO ni pasiwedi. Zimeandikwa kwenye mwongozo, duniani nzima, tangu enzi za jina la kale. Zinaweza kubadilishwa unapoiwasha, ila telneti yenyewe inapitisha kila kitu wazi, pasiwedi na amri, mtu aliye katikati anasoma kama gazeti. Sio kosa la walioitengeneza, waliitengeneza kwa matumizi ya ndani ya karakana, kompyuta moja na nyingine juu ya waya mmoja. Ukiifungulia poti 5007 kwenye intaneti umeweka mashine yenye kisu cha mizunguko 24,000 barabarani na funguo juu yake.

Kwa hiyo njia ya kupita ni lazima iwe imefungwa. Laini za simu hizi zetu kwa kawaida hazikupi anwani yako ya intaneti mwenyewe, mnachangia anwani moja watu wengi, kwa hiyo mi siwezi kupiga hodi Tabora moja kwa moja, inabidi kompyuta ya Tabora ndo ianze kunitafuta. Nimekodi seva ndogo nje, kompyuta ya karakana inafungua WireGuard, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, kwenda kule, laptopu yangu nayo inafungua kwenda kulekule, tunakutana. Unaweka ile keepalive ya sekunde 25 ili njia isizibwe na mtandao wa simu ukikaa kimya. Wasiotaka WireGuard wanaweza kufanya hivyohivyo kwa SSH (njia iliyofichwa ya kuingia kompyuta ya mbali) ya kinyumenyume, ile ssh -R, inafanya kazi vizuri tu. Ndani ya hiyo njia natumia SSH kwa ufunguo, pasiwedi nimezima, basi. Kuna watu wanaweka programu za kushika skrini kutoka mbali, mi sizipendi kwenye kompyuta ya mashine, zinakula bando, na ile picha ya AXIS ni ya pande tatu, kuikamata na kuibana kila mara ni mzigo kwa prosesa ambayo wakati huohuo inatakiwa kuamka kila maikrosekunde 25.

Na hapa kuna kitu sijaona kinaelezwa vya kutosha. Muunganisho ukikatika katikati ya kazi, nini kinatokea? Inategemea uliingiaje, na majibu ni mawili yanayopingana. Ukiwa umeingia kwa telneti au kwa kushika skrini iliyowashwa kulekule, mtandao ukikata, mashine haijui chochote. Inaendelea kukata mpaka mwisho wa faili. Ukiwa umeingia kwa SSH na ukaiwasha LinuxCNC kutoka kwako ili skrini yake itokee kwenye laptopu yako, mtandao ukikata, AXIS inakufa, na kwa LinuxCNC ile skrini kuu ikifungwa mfumo mzima unafungwa nayo. Mwendo unakatwa ghafla biti ikiwa ndani ya mbao, stepa zinapoteza hesabu, na ziro yako, ile sehemu vipimo vyote vinapoanzia, imekwenda na maji. Yaani mkato uleule wa mtandao, huku mashine inaendelea peke yake, huku inakufa katikati ya ua. Anayeuliza kama anaweza kuiendesha akiwa mbali ajiulize kwanza anataka ipi kati ya hizo, maana mi sitaki hata moja.

Ndo maana nilichojenga mi ni cha kusoma tu. LinuxCNC ina moduli ya Python, unaandika import linuxcnc, unachukua stat, unaipiga poll, inakupa kila kitu: iko mstari wa ngapi, mihimili iko wapi, emajensi (kitufe chekundu cha dharura) imebonyezwa au la, spindo inazunguka kiasi gani. Skripti yangu inachukua hivyo vichache, inavituma kwa MQTT, njia nyepesi ya kutuma ujumbe mfupi, kila baada ya sekunde kadhaa, ni maandishi ya baiti mia chache, bando haliumii. Sehemu ya kutoa amri, ile linuxcnc.command, haimo kwenye skripti kabisa. Angalizo moja kwa watakaoiga: usisome error_channel, yaani mkondo wa ujumbe wa makosa, ovyo. Ujumbe wa kosa ukishasomwa na programu moja, nyingine haiupati, kwa hiyo skripti yako inaweza kula kosa ambalo aliyesimama mbele ya skrini alitakiwa alione. Makosa mi nayachukua kwenye logi.

Na kusoma tu kunatosha kwa mengi kuliko watu wanavyodhani. Kuna kipindi mjomba alinipigia, "Mwangaluka mpwa wangu, hii mashine inasema imegonga limiti, na hata karibu na limiti haijafika." Nikamwambia shikamoo mjomba, usifungue kitu, endelea na kazi zako, ikitokea tena andika saa tu. Ilikuwa inatokea mara mojamoja, ile inayokera zaidi, wiki nzuri halafu mara mbili asubuhi moja. Ujumbe ni uleule, joint 1 on limit switch error, yaani mhimili umegonga swichi ya limiti, ile ya mwisho wa njia yake. Nikazikusanya zile saa nikaziweka pembeni ya rekodi za skripti, na zote, kila moja, zilikuwa ndani ya sekunde chache baada ya M3. M3 ni kuwasha spindo. Basi hapo huna haja ya kusafiri kwenda kuangalia swichi, swichi ni nzima. Ile inveta ya spindo, kifaa kinachoipa umeme na kupanga kasi yake, inatema kelele za umeme inapoipandisha mota, na waya wa swichi ya limiti ulikuwa umelala kwenye trankingi (mfereji wa waya) moja na kebo ya spindo, umbali mrefu, unapokea kila kinachotemwa.

Kuna dawa ya haraka kwenye HAL, komponenti ya debounce, inasubiri ishara idumu mizunguko kadhaa kabla ya kuiamini. Tuliiweka. Lakini hiyo ni panado. Mjomba akatoa waya wa swichi akaupitisha upande wake peke yake, akaweka kebo yenye shildi, ganda la kuzuia kelele, shildi tukaiunga na ardhi upande mmoja tu. Halafu nikamuomba amwage maji kwenye shimo la ile nondo ya ardhi, maana ilikuwa kiangazi na Tabora kiangazi udongo unakauka hadi chini, ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Alicheka kwamba mpwa anamwagilia umeme. Na swichi zenyewe tulishazifunga zile zinazokaa zimefungwa na kufunguka zikigongwa, ili waya ukikatika mashine ione kama imegonga na isimame, sio ione kimya na ijione salama. Toka hapo ule ujumbe haujarudi.

Kazi yote hiyo nilifanya kutoka Kigoma na hakuna hata mara moja niliyosogeza mhimili.

Faili nalo lina adabu yake. Maua ya mlango mmoja yanaweza kuwa mistari laki moja, kila mstari herufi 30 hivi, kwa hiyo megabaiti 3, na kwa vile ni maandishi matupu yanabanika vizuri sana. Situmii scp, amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine. Mtandao ukikata katikati, scp inakuachia nusu faili yenye jina lilelile kamili, na nusu faili la G-kodi linafunguka na kuonekana kama faili. Natumia rsync, yenyewe inaandika kwanza kwenye jina la muda na kubadilisha jina ikishamaliza, kwa hiyo mjomba akiliona faili kwenye folda basi limefika lote. Bado anasomewa tarakimu za mwisho za sha256, ile alama inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, kwenye simu, analinganisha. Wengine wataona nazidisha. Mlango wa mninga uliokauka vizuri ni hela nyingi jamani, na mninga wenyewe siku hizi hauokotwi.

Ziro anaweka yeye. Hili nalo watu wa mbali hawalielewi. Mchoro wangu unasema mbao ina unene wa milimita 40, lakini mbao ya kweli ina 38 huku na 41 kule, ina fundo, imepinda kidogo. Biti imebanwa kwenye koleti, kile kishikio chake, kwa urefu gani leo? Klampu ziko wapi? Ile biti ni kali au imeshachoka? Mjomba anajua biti imechoka kwa kusikia, sauti inabadilika kabla hata ya ukingo kuanza kuchanika. Mi kwenye MQTT naona spindo 18,000, kila kitu kijani.

Sasa emajensi. Kitufe chekundu hakipiti kwenye kompyuta. Kinakata kontakta, ile swichi kubwa ya umeme, nayo inakata umeme wa mota na spindo, na LinuxCNC inaarifiwa tu kwamba imetokea. Kiwango cha IEC 60204-1 kinagawa kusimama kwa aina tatu, 0 ni kukata umeme papo hapo, 1 ni kusimamisha kwa utaratibu halafu kukata, 2 ni kusimamisha huku umeme ukibaki, na kwa dharura zinazoruhusiwa ni 0 na 1 tu. Kitufe kwenye skrini ya simu sio emajensi, hata ukikipaka rangi nyekundu ya damu. Kuna watu wanajengea watu app zenye kitufe cha STOP kikubwa na wanajisikia wamemaliza usalama.

"Basi angalau uwe na uwezo wa kuisitisha," ndivyo alivyoniambia rafiki yangu mmoja wa fani, na hili nililifikiria sana kwa sababu linaonekana halina madhara. Kwenye HAL kuna pini inaitwa motion.feed-inhibit, ukiipandisha mwendo unasimama. Ungeweza kuunganisha na mapigo ya moyo kutoka kwangu, yaani ishara inayojirudia kuonyesha niko hewani, kwamba mtandao ukikatika oneshot, kihesabu muda cha HAL, inashuka na mashine inasubiri. Kinadharia safi. Lakini mhimili ukisimama spindo haisimami. Biti inazunguka mara elfu kumi na nane kwa dakika mahali pamoja ndani ya mninga, inaunguza, moshi unatoka, na pembeni kuna bomba linalofyonza vumbi laini kavu kwenda kwenye mfuko. Mtandao wa simu ukinikatikia mara tano nimemchomea mjomba mlango mara tano, au karakana mara moja.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Mtu aliye karibu na mashine iliyosimama anaamini imesimama. Anainama, anapuliza vumbi, anaingiza kidole kuona kina. Akiwa pale, mi Kigoma nabonyeza endelea. Yeye hajui ni nani aliyeisimamisha, mi sijui mkono wake uko wapi, na kamera iko nyuma kwa sekunde mbili. Ndo maana siitaki hata hiyo ya kusitisha, kwa sababu kila anayeweza kusitisha kesho ataombwa awe anaendelezea pia.

Tulichoweka badala yake ni taa. Kuna pini moja ya paraleli poti ilikuwa haina kazi, tumeipa rilei na taa ya njano juu ya skrini. Nikiingia kwa SSH, skripti ndogo inaona kuna mtu, inaiwasha kwa halcmd, amri ya kuongea na HAL. Taa ikiwaka mjomba anajua nimo ndani, kama yuko kwenye kazi nyeti ananipigia, "hebu toka kwanza," natoka. Kama kuna kitu cha kubadilisha kwenye HAL, kanuni yetu ni kwamba anabonyeza emajensi kwanza, ananiambia kwa mdomo imebonyezwa, naangalia kwangu inasomeka hivyohivyo, ndo nagusa. Na zile sasisho za moja kwa moja za Debian nimezizima, kompyuta ya mashine haitakiwi kujiamulia saa nne asubuhi kupakua vifurushi huku inakata.

Umeme ukikatika, UPS inabeba kompyuta peke yake. Haiokoi kazi, mota na spindo zimeshakufa, lakini kompyuta inakumbuka ilikuwa mstari gani. Kuanzia mstari wa katikati sio jambo la kubonyeza tu, lazima mihimili irudishwe nyumbani upya, na mashine haikumbuki yenyewe kila hali iliyokuwepo kabla ya mstari ule. Hapo mi natengeneza faili jipya lenye kichwa chake kamili kuanzia pale, spindo, kasi, ofseti, biti ianzie juu, natuma. Anayekimbilia kitufe cha "endesha kuanzia hapa" ana mbao nyingi za kuchezea.

Sisi watu wa Kigoma mambo ya mashine kutoka mbali hayajaanza leo. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maboksi kama 5,000, ikasafirishwa mpaka hapa ziwani na ikaunganishwa hapahapa, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Michoro ilikuwepo, kila kipande kilijulikana kinakwenda wapi. Na bado ule uwanja wa meli haukutuma maboksi na michoro peke yake, ulituma na mafundi wake watatu waje wasimamie. Huwa nawaambia hivyo wale wanaoniuliza kwa nini sijamfundisha mjomba alale nyumbani mashine ifanye kazi usiku.

Kinachofuata ni kuachana na paraleli poti. Tunataka kadi ya Mesa, zile zinazoongea na kompyuta kwa kebo ya ethaneti. Kadi inatengeneza mapigo yenyewe kwenye chipu yake, tredi ya besi inaondoka kabisa, inabaki ile ya milisekunde 1, na ule ukuta wa milimita 62 kwa sekunde unavunjika, ingawa stepa zenyewe nazo zina mwisho wao. Sasa shida ni kwamba ile poti ya ethaneti inakuwa ya kadi peke yake, huwezi kupitisha intaneti humohumo, pakiti za kadi zikicheleweshwa mashine inasimama na kosa. Kompyuta yetu ina poti moja. Kwa hiyo ama niongeze kadi ya pili ya mtandao, ambayo nafasi yake kwenye mazabodi ipo, au intaneti iingie kwa dongo (dongle) ya waifai ya USB, ambayo siiamini hadi niitese kwa latency-test kwanza. Nimemweleza mjomba, kakubali, ila kasema mashine haizimwi mpaka ile oda ya milango ya msikiti iishe, na mbao za mlango wa mwisho bado ziko kivulini zinakauka.